Namba ya Kuzima Moshi

Kwa Odero hakuna mtu aliyeingia wima. Juu ya kochi, kutoka dirisha la sebuleni hadi dirisha la jikoni, ilipita miamba miwili ya goli, yale mabomba marefu ya juu yanayounganisha milingoti, nayo ilikuwa mirefu kuliko nyumba yenyewe. Ncha zake zilichomoza nje kwenye kichochoro, na hapo ndipo Aoko, mke wa Odero, alipoanika nguo. Milingoti minne ililala chini ya kitanda, miguu nje. Pasta akija aliinama. Mashemeji wakija waliinama. Mwaka wa kampeni mheshimiwa wa wadi naye aliinama, akapigwa picha vivyo hivyo, na picha ikabandikwa kila ukuta kuonyesha jinsi anavyojishusha kwa wananchi.

Sababu ilijulikana na mtaa mzima wa Reli Ndogo. Magoli ya kwanza yalikatwa na wezi wa vyuma, yakauzwa skrap. Ya pili vilevile. Wazee wakaenda kulalamika kwa wakuu wa jiji, wakaambiwa uwanja wao haumo kwenye ramani. Ajabu ni kwamba uwanja huo usiokuwa kwenye ramani ulikuwa umeshauzwa mara mbili, na mara zote mbili kina mama waliulalia mbele ya tingatinga mpaka mnunuzi akaenda kudanganywa kwingine. Basi Odero, aliyekuwa ndiyo kwanza ameacha kazi ya reli, kwenye genge la kunyanyua vyuma, akasema magoli ya tatu yatalala kwake. Akazika vipande vya bomba pana ardhini, midomo yake sawa na vumbi. Jumapili milingoti inatumbukizwa humo. Mechi ikiisha inang'olewa, inabebwa nyumbani. Na sheria ikawa moja: hakuna anayegusa goli kabla Odero hajasema.

"Hata angekuwa na watoto kumi asingewalinda hivyo," Aoko alizoea kuwaambia majirani. Walikuwa na mmoja tu, Elsie.

Siku hizi Odero alikuwa soja wa lango kule Pambazuko, kiwanda kilichopakana na uwanja, upande wa Industrial Area. Pambazuko ilichoma magurudumu kuukuu ikapata mafuta mazito ya kuuzia viwanda vingine. Moshi wake ulikuwa na tabia ya kutembelea watu. Uliingia kwenye chai, kwenye sare za shule, kwenye kifua cha Aoko. Watu walipouliza kwa nini tanuri lisizimwe walau Jumapili, jibu walilipata kwa Odero, naye alilipata kwa meneja: tanuri halizimiki. Likizimwa, linapasuka. Odero alilieleza jambo hilo kanisani, kwa kinyozi, na kitandani.

"Linapasuka?" Aoko aliuliza akikohoa.

"Linapasuka, Mama Elsie. Mtaa wote unaenda nalo."

"Basi afadhali nikohoe."

"Hilo ni vumbi tu. Utazoea."

Wiki ya fainali ya Kombe la Pambazuko, meneja alimwita ofisini. Jina lake Nabiswa, mtu mwenye sauti ya upole, aliyependa kusema mambo mabaya kama anayekukaribisha chai.

"Mzee Odero, wiki ijayo tunaleta kampuni ya ulinzi. Vijana, buti, mbwa. Nyinyi wazee tunawaachilia. Lakini nimesema nibakize mmoja, wa lango la ofisi."

"Ndiyo, bosi."

"Jumapili mheshimiwa atakuwepo, na watu wa runinga. Kombe lina jina letu. Sitaki aibu."

"Uwanja ni wangu, bosi. Hakutakuwa na aibu."

Nabiswa akamtazama kofia, kisha viatu, kisha kofia tena. "Na siku hiyo usivae hiyo kofia ya reli. Watu watadhani tunaajiri vitu vya makumbusho."

Jioni hiyo Odero aliwaeleza wa nyumbani habari ya nafasi ya mmoja. Aoko akasema asante Mungu. Elsie alikuwa amemaliza chuo na kungoja kazi, na katika kungoja akaingia kikundi cha vijana wa mazingira kilichokutana Makadara. Walianza mwaka ule wa mafuriko, mto ulipopanda ukaingia safu za chini za mtaa na wao wakashinda siku nzima wakibeba magodoro ya watu. Maji yalipotoka, wao hawakutoka. Wakaanza kusoma.

"Baba," alisema hatimaye, "yale mafuriko na moshi wenu ni kitu kimoja."

"Maji ni maji, moshi ni moshi. Kula."

Elsie akala.

*

Jumapili upepo ulikuwa upande wa matajiri, yaani ulipeleka moshi kwingine. Aoko alikaa pembeni mwa uwanja karibu na Kavindu, muuza mayai ya kuchemsha, na hakukohoa hata mara moja. Chini ya hema waliketi mheshimiwa, Nabiswa na maji yao ya chupa. Juu ya hema lilitandazwa bango: PAMBAZUKO, HEWA SAFI, SOKA SAFI. Odero alisimama nyuma ya viti vyao kichwa wazi, kofia imekunjwa mfukoni.

Reli Ndogo walicheza na timu ya mtaa wa Tena. Walikuwa sare, moja kwa moja, mechi inaelekea ukingoni, wakati Kyule, mshambulizi wa Reli Ndogo na msukuma mkokoteni wa maji siku nyingine zote, alipoangushwa ndani ya boksi. Refa, mwalimu mmoja wa hesabu aitwaye Hared, akaonyesha penalti. Uwanja ukalipuka. Watu waliokuwa hawasalimiani tangu uchaguzi wakakumbatiana.

Ndipo vijana sita walipoingia mbio.

Watano walikaa duara la katikati, wakatoa gundi. Walikuwa wameona kwenye simu jinsi vijana wa Ulaya wanavyojigandisha mikono kwenye lami na sakafu za maana, hata polisi wanakuja na mafuta na vijiti kuwabandua. Lakini Reli Ndogo haina sakafu. Ndete, kijana wa Tena aliyekuwa mkubwa wao, alipaka gundi, akabonyeza kiganja chini, akakiinua. Kikaja na vumbi. Akapaka tena. Mara hii kikaja na kizibo cha soda. Askari wawili wakawaondoa wote watano kama watu wanaookota takataka baada ya harusi, na Ndete alipitishwa mbele ya mashabiki wake wa Tena kizibo kingali mkononi.

Wa sita alikuwa Elsie. Yeye alikimbilia goli, lile lile la penalti, akajizungushia kiunoni mnyororo wa kufungia pikipiki, akauzungusha na mlingoti, akafunga kufuli na kurusha ufunguo juu ya ukuta wa kiwanda. Kisha akakunjua kitambaa: MOSHI WENU, MAFURIKO YETU, MAPAFU YETU.

"Huyo si wa Odero?" mtu aliuliza.

"Odero yupi, yule wa goli?"

"Huyo huyo. Sasa goli limepata mtoto."

Nabiswa hakugeuka. Alisema tu, akiwa bado ametazama mbele, "Mzee. Ni wako?"

"Ni wangu, bosi."

"Nilisema nini kuhusu aibu?"

Masikio ya Odero yaliwaka. Kote uwanjani watu walikuwa wamesimama wakitoa maoni, maana Reli Ndogo inaweza kukosa maji na stima lakini maoni haijawahi kukosa.

"Ametumwa na Tena!"

"Sisi?" wakajibu wa Tena. "Sisi tungemtuma beki, tulikuwa na shida ya beki!"

"Msichana, kwani unataka nini?" Kavindu akapaza sauti.

"Tunataka tanuri lizimwe, mama!"

"Si mnajua haliwezi? Babako mwenyewe ndiye ametuambia!"

Kyule alikuwa ameshaweka mpira mahali pake. Akamwendea refa. "Refa, wacha nipige hivi hivi. Goli ni kubwa."

"Haiwezekani," akasema golikipa wa Tena. "Hapa tuko wawili."

"Huyo hachezi."

"Na mpira ukimgonga ukaingia?"

Hared akafikiri kwa uzito wote wa taaluma yake. "Amefungwa kwa mlingoti. Kwa hiyo ni mlingoti. Goli linahesabiwa."

"Na akiutoa na goti?"

"Hapo ni kadi nyekundu."

"Mwalimu, tangu lini mlingoti ukapewa kadi?"

Mwalimu akatazama saa yake kana kwamba jibu limo humo. Kyule akamwacha, akamwendea Elsie. Walikuwa wamesoma darasa moja.

"Siz, si usonge tu kidogo? Nipige, alafu urudi uendelee na hayo maneno."

"Kyule, ng'ombe za babako kule Kitui zimebaki ngapi?"

"Hakuna. Si unajua ukame ulizimaliza."

"Sasa unadhani niko hapa kwa nini?"

"Elsie, hiyo naijua, si lazima unifunze mbele ya watu. Lakini ng'ombe zilikufa mwaka jana. Penalti ni leo."

Chupa ya plastiki ikaruka kutoka kwenye umati, ikapita karibu na kichwa cha Elsie. Aoko akasimama na kupiga yowe. Sauti nyingine, ya mwanamume, ikawahi kukemea: "Wacha kurusha! Utagonga goli la mzee!" Hapakurushwa kitu tena.

"Ling'olewe!" wakaanza kuimba. "Ling'olewe! Ling'olewe!" Maana wote walijua jambo ambalo vijana wa gundi hawakulijua: goli la Reli Ndogo halikuchimbiwa. Ni kuinua mlingoti kutoka kwenye shimo lake, kuuvuta utoke kwenye mnyororo, kurudisha. Kazi ya muda wa kufungua soda. Lakini walipomaliza kuimba hakuna aliyesogea. Nyuso zote zilimgeukia Odero.

*

Odero alivuka uwanja, Nabiswa yuko ubavuni mwake. Meneja aliongea naye njia nzima kwa ile sauti ya chai.

"Unang'oa, msichana anatoka, askari wanamchukua, unarudisha, penalti inapigwa, mheshimiwa anatoa kombe. Ni hivyo tu. Na mimi sijasahau kuna nafasi ya mmoja. Umenielewa?"

"Nimeelewa, bosi."

Wakiwa hapo golini ndipo upepo ulipogeuka. Kwa kawaida fainali ingekuwa imeisha, kombe limetolewa, wakubwa wameondoka, na moshi ungewakuta watu wake wa siku zote. Lakini ubishi ulikuwa umechukua muda. Moshi ukashuka ukutani mweusi, mzito, wenye harufu ya raba inayoungua, ukavuka uwanja, ukaingia chini ya hema bila kuinama.

Mheshimiwa akakohoa. Akanywa maji, akakohoa tena, akainama, tai ikaning'inia, msaidizi akampiga mgongoni. Mpiga picha wa runinga akageuza kamera. Nabiswa akaona kamera inakogeukia, akatoa simu upesi.

"Zima," alisema. "Ndiyo, yote. Sitaki kusikia habari ya zamu, zima sasa!"

Alisema hivyo akiwa amesimama kati ya Odero na Elsie, mbele ya Kyule, mbele ya refa, mbele ya golikipa wa Tena. Wakasikia. Walio nyuma yao wakaambiwa, na walio nyuma ya hao wakaambiwa pia, na ndipo watu wa Reli Ndogo, kwa kuwa walikuwa wamefundishwa vizuri, wakaanza kuchuchumaa. Kina mama wakavuta watoto. Kavindu akafunika mayai yake. Uwanja mzima ukakaa chini umeziba masikio, ukingoja tanuri lipasuke.

Waliona moshi wa bomba la kiwanda ukipungua, ukawa mwembamba kama wa jiko la makaa, ukakatika. Mbingu ikabaki tupu. Wakangoja tena kidogo, kwa heshima.

Hakuna kilichopasuka.

Kavindu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka. "Baba Elsie," aliuliza kutoka pembeni, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua, "mbona halijapasuka?"

Odero alimtafuta Aoko kwa macho, akamwona ameinuka palepale alipopigia yowe lake, leso mdomoni, akikohoa ule moshi wa mwisho uliomfikia. Alikohoa polepole, kama mtu aliyezoea. Naye alikuwa akimtazama yeye, si bomba la kiwanda.

"Haya, mzee," Nabiswa alisema, akirudisha simu mfukoni. "Tumalize."

Odero akatia mkono mfukoni, akatoa kofia ya reli, akaikunjua juu ya goti, akaivaa. Kisha akawaita vijana wake wa Jumapili, na Kyule akiwemo. Wakalegeza skrubu za mwamba, wakaushusha chini. Wakashika mlingoti aliofungwa Elsie.

"Haya... pamoja... juu!" Odero aliimba kama walivyoimba kwenye genge, na mlingoti ukatoka shimoni kama jino bovu. Kitanzi cha mlingoti kikalegea, kikaanguka miguuni pa Elsie; cha kiunoni kikabaki. Akawa huru bila kutaka.

Askari mmoja akasogea. Nabiswa akapiga makofi. "Safi sana. Rudisha sasa."

Odero alikuwa na mlingoti begani. Akautazama ule mdomo wa bomba ardhini, kisha akawaambia vijana, "Mechi imeisha. Bebeni nyumbani."

"Mzee!" Kyule akapiga kelele. "Na penalti yangu?"

"Itakungoja. Bebeni."

Kyule alikuwa na matusi tayari mdomoni, lakini bega lake lilikuwa limeshaingia chini ya chuma, kwa sababu kwa miaka mingi hivyo ndivyo bega la Kyule lilivyofanya Odero akisema bebeni. Wengine wakachukua mwamba, wengine mlingoti wa pili. Elsie, mnyororo ukiburutika nyuma yake, akaingiza bega lake katikati ya wanaume.

"Nimkamate yupi sasa, mkubwa?" askari alimuuliza Nabiswa. "Wote wamebeba."

Upande wa pili goli jingine lilibaki limesimama peke yake. Goli moja halichezi fainali. Umati ukafuata msafara hadi nyumbani, nusu wakitukana, nusu wakicheka, na katikati yao Kavindu akiuliza kila aliyepita, "Lakini wewe, uliona limepasuka? Hata kidogo?"

*

Vijana walirudi kulichukua goli la pili, na nyumbani miamba iliingizwa dirishani kama kawaida. Elsie akaketi chini yake, mnyororo ungali kiunoni kwa kuwa ufunguo ulikuwa kiwandani. Aoko akampa chai, kisha akatoka nje kuanika leso.

"Ulijua yanang'oka," Odero alisema.

"Nimelala juu yake tangu nizaliwe, Baba."

"Sasa ukajifungia nini?"

"Wenzangu walisema lazima mtu ajifunge mahali. Nikasema basi mimi, kwa goli."

"Ili nifutwe."

"Hapana. Nilijua hakuna atakayeligusa ila wewe. Nilitaka tu ufike karibu usome kitambaa."

"Sikukisoma. Sikuwa na miwani."

"Niliona."

Nabiswa alifika kabla chai haijaisha. Mlangoni aliinama kupita chini ya ncha ya mwamba, na kule kuinama kukampeleka moja kwa moja kwenye leso mbichi ya Aoko, ikamfuta uso. Akaketi kwenye kochi shingo imepinda, akaweka simu yake juu ya meza, kamera juu.

"Mzee, mambo yanaweza kurekebishika. Unasema maneno mawili hapa: huyu binti alilipwa na washindani wetu, na lile tanuri lilikuwa limezimwa kwa matengenezo. Kesho unaanza lango la ofisi. Pia tunawaletea magoli mapya, ya kuchimbiwa na saruji, yenye jina la kampuni. Haya ya zamani tutayaondoa, nyumba yenu ipumue."

Aoko alikuwa amerudi mlangoni. Elsie alishika kikombe kwa mikono miwili. Hakuna aliyemsaidia Odero.

"Bosi," Odero alisema, "naomba kitu kimoja kwanza."

"Sema, mzee."

"Namba."

"Namba gani?"

"Ile uliyopiga pale uwanjani. Ya kuzima."

Nabiswa akatabasamu, akingoja mzaha uishe.

"Mama Elsie huanza kukohoa alfajiri," Odero akaendelea, bila kupandisha sauti. "Nikiwa na hiyo namba nitakuwa napiga mwenyewe. Sitakusumbua. Mheshimiwa alikohoa mara chache sana, nilikuwa hapo. Mama Elsie ni miaka. Kwa hiyo nipe tu namba, alafu niambie niseme nini kwenye simu yako, nitasema."

Tabasamu lilichelewa kuondoka, kama mgeni asiyejua ameshaagwa. Kisha Nabiswa akachukua simu yake mezani. Alipoinuka alisahau mwamba. Mlio wake ulisikika hadi kichochoroni, na watoto waliokuwa dirishani wakapiga kelele, "Mwambaaa!"

"Kesho ulete funguo za lango," alisema akishika paji la uso, akatoka.

"Namba hajaacha," Aoko alisema.

"Hajaacha," Odero akakubali.

*

Asubuhi Odero alikwenda na funguo. Kijana wa kampuni ya ulinzi alikuwa ameshasimama langoni, buti mpya, mbwa mpya, na hakumjua.

"Unamtaka nani, mzee?"

"Hakuna. Nimeleta hizi." Akamweleza ule mkubwa ni wa lango, mdogo ni wa choo cha wafanyakazi, na kwamba wa choo unataka kuinuliwa kidogo ndipo uzunguke. Kijana akashukuru. Nyuma yake bomba la kiwanda lilikuwa limerudi kazini kwa nguvu zote, na hapo ndani ya lango, kwenye majani ya kando ya ukuta, kitu kidogo kiling'aa. Odero akapiga hatua, akainama, akauokota ufunguo wa Elsie, akautia mfukoni.

Kijana akaanza kukohoa. Akakohoa mpaka mbwa akamtazama.

"Mzee," alisema akijifuta macho, "hapa kuna vumbi, eh? Mtu huzoea?"

Mdomo wa Odero ulikuwa umeshafunguka na jibu lake la miaka yote. Akaufunga. Akarekebisha kofia.

"Si vumbi," alisema. "Ni moshi. Na huzimwa kwa simu. Muulize bosi wako namba."